Mizani ya Jumatatu: barua kwa mwanangu

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Jumamosi mizani ilisoma kilo 71.2, Jumatatu baada ya harusi ikasoma 73.0, na sasa unataka kulala njaa mpaka irudi. Usilale njaa. Tupige hesabu kwanza.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Ili uongeze kilo 1.8 za mafuta, ungepaswa kula karibu kalori 13,900 juu ya zile unazotumia kila siku. Tuseme sahani ya pilau ya nyama ina kalori 700: hizo ni sahani ishirini za nyongeza kwa siku mbili. Hukula hivyo. Kilichoongezeka ni maji zaidi, pamoja na chakula ambacho bado hakijatoka tumboni.

Wanga wa wali na chapati usipotumika huwekwa akiba kwenye ini na misuli, na akiba hiyo huitwa glaikojeni. Ini hubeba kama gramu 100, misuli kama 400, na kila gramu hushikana na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikijaa, jumla ni karibu kilo mbili. Wiki ile ya kwanza ulipopunguza wanga, hii ndiyo iliyoshuka mbio. Ukila wali wa harusi, inajaa tena, na ni haki yake kujaa, kwa sababu ndiyo nguvu unayoitumia mazoezini.

Halafu kuna chumvi. Kila gramu 9 hubakiza mwilini takriban lita moja ya maji hadi figo ziitoe, na pilau, achari na mchuzi wa harusi havikosi chumvi. Ipe siku mbili tatu.

Mazoezi nayo hupandisha mizani. Ukianza zoezi jipya, kama kuchuchumaa na uzito begani, misuli huchanika kidogo sana na kuvimba inapojitengeneza. Maumivu ya siku ya pili ndiyo alama yake. Atakayekuambia kwamba umejenga misuli ndani ya siku mbili anakufariji tu, misuli haijengeki upesi hivyo. Na siku za kabla ya hedhi, wengine huongeza kilo moja hadi mbili za maji. Kwa hiyo linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, usiilinganishe na wiki iliyotangulia.

Jipime asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya kunywa hata chai, ukiwa na nguo zilezile nyepesi. Weka mizani kwenye sakafu ngumu: juu ya zulia au mkeka haisomi sawasawa. Andika namba. Baada ya siku saba, jumlisha na ugawe kwa saba. Wastani wa wiki iliyopita ukiwa 72.1 na wa wiki hii 71.7, umepungua, hata kama Jumatatu ilisoma 73.0. Karibu nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kila wiki mbili pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kubana tumbo.

Tafadhali usipunguze maji ya kunywa, usinywe dawa za kukufanya uharishe, na usikimbie umejifunga nailoni tumboni. Vyote hutoa maji tu, mafuta yanabaki palepale, na kizunguzungu ni juu yako.

Wastani usiposogea kwa wiki nne, hapo ndipo tuangalie sufuria. Anza na mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, nasi huwa tunamimina bila kupima.

Lakini ukiona uzito umepanda kilo mbili au zaidi ndani ya siku chache huku miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, au pumzi inakubana ukilala, hilo si la harusi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Leo usiku kula chakula chako cha kawaida. Jumapili nitumie namba zote saba, na ya Jumatatu iwemo.

Mama yako