Umbali wa kusawazishia darubini ya bunduki usichaguliwe kwa majivuno

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wawindaji hulibishania kila tukutanapo, nalo ni umbali unaofaa kusawazishia darubini ya bunduki ya kuwindia, yaani ule umbali ambao risasi hugonga palepale nyuzi za msalaba zinapokutana. Wengi wetu hutaja mita 200, au hata 300, kwa sauti ya kujisifu, na ni wachache mno wanaojiuliza wanyama waliokwisha kuwapata walikuwa umbali gani hasa.

Wapo wanaoamini kwamba risasi ikitoka mtutuni hupaa kwanza kwa nguvu zake yenyewe. Haipai, huanza kuanguka mara tu inapouacha mtutu. Darubini imekaa juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi, na tunapoisawazisha huwa tumeuinua mtutu kidogo kulinganisha na mstari wa jicho, ndiyo maana risasi huukata mstari huo mara mbili, ya kwanza karibu ikitokea chini yake, na ya pili mbali ikishuka. Kuchagua umbali wa kusawazishia ni kuchagua mahali pa ule mkato wa pili, basi.

Chukua bunduki ya .30-06, aina ya risasi inayotumiwa sana na wawindaji, inayorusha risasi yenye uzito wa karibu gramu 12 kwa kasi ya takribani mita 820 kwa sekunde. Ukiisawazisha kwa mita 100, kwenye mita 200 itagonga chini kwa sentimita 13 hivi, na kwenye mita 300 chini kwa karibu nusu mita. Ukiisawazisha kwa mita 200, kwenye mita 100 itagonga juu kwa sentimita 6 au 7, na kwenye mita 300 chini kwa sentimita 27 hivi. Sentimita 7 hazionekani kuwa nyingi, ila hujumlika na makosa mengine ya mpigaji, na hapo ndipo ziliponiponza mimi. Bunduki yangu ilikuwa imesawazishwa kwa mita 200. Swala alisimama ukingoni mwa kichaka, nikamkadiria kuwa mbali kuliko alivyokuwa, nikaupandisha msalaba hadi usawa wa mgongo wake. Risasi ikapita juu, naye akainua kichwa, akatazama huku na huku, akaingia kichakani bila hata haraka. Nilipohesabu hatua hadi pale alipokuwa, hazikuzidi 120.

Wawindaji wa Ujerumani wana desturi ambayo naiona ya busara kuliko ubishi wetu: huiweka bunduki igonge sentimita 4 juu kwenye mita 100, kisha huacha umbali halisi wa mkato wa pili ujitokeze wenyewe kulingana na risasi. Kwa bunduki niliyoitaja, mkato huo huangukia kati ya mita 160 na 170, na kwenye mita 200 risasi huwa imeshuka sentimita 6 tu. Kwa kuwa eneo la moyo na mapafu ya swala wa wastani lina upana wa sentimita 15 au zaidi, mwindaji hulenga katikati yake kutoka karibu hadi mita 200 bila kufanya hesabu yoyote. Anayewinda msituni, ambako mita 80 ni mbali, abaki na mita 100 zake bila kuona haya.

Lipo pia kosa la kuisawazisha bunduki kwa mita 25 na kuridhika, kwa hoja kwamba ndipo mkato wa kwanza ulipo. Mita 25 zinafaa kwa kuanzia tu, ili risasi zipatikane kwenye karatasi. Tundu lililokosea kwa sentimita 1 hapo litakosea kwa sentimita 8 kwenye mita 200, na jicho halilioni kosa hilo kwa sababu tundu la risasi lenyewe linakaribia upana huo. Lazima karatasi isogezwe hadi mita 100, zipigwe risasi tatu au tano za aina ileile utakayowindia, mtutu ukiachwa upoe, kisha ndipo kirekebishi, yaani kifundo cha darubini kinachosogeza mahali risasi inapogonga, kizungushwe kwa kufuata kitovu cha matundu yote, si tundu moja lililopendeza. Kwenye darubini nyingi za mfumo wa metriki, kliki moja, yaani hatua moja ya kirekebishi, husogeza sentimita 1 kwa umbali huo.

Siku hizi nimebandika kwenye kitako cha bunduki yangu kikaratasi chenye tarakimu nilizozihakiki mwenyewe kwa kupiga karatasi: mita 100, 4 juu, mita 200, 6 chini, mita 300, 36 chini. Hiyo ya mwisho nimeikata kwa kalamu nyekundu, maana mnyama akiwa huko humwacha aendelee kula.

Wako,
Mwindaji na msomaji wa siku nyingi