Mdogo wangu, Ujiji usiipitie juu juu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka Kigoma, mwisho wa reli, kando ya Ziwa Tanganyika. Ratiba yako nimeisoma: siku mbili hifadhi ya Gombe kwa sokwe, jioni moja ufukweni, na Ujiji, mji wa kale jirani na Kigoma, saa moja tu, "kupiga picha pale kwa Livingstone". Gombe sina neno nayo. Hiyo saa moja ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Najua utaanzia kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, kama wageni wote. Anzia hapo. Utasimuliwa jinsi mwandishi wa habari Stanley alivyomkuta Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, mwaka 1871 chini ya mwembe, na utaoneshwa miembe inayosemekana ni uzao wa ule wa zamani. Nawe muulize anayekutembeza habari za Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka kumlaki Stanley kabla bwana wake hajaonekana. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma ndio walioongoza safari ya kuubeba mwili wake hadi pwani. Muulize pia habari za Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara. Huyo alifika Ujiji mwaka 1858 pamoja na wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke, akarudi mwaka 1871 na Stanley. Mji ulikuwa si mgeni kwake. Inaniuma watoto wetu kukariri majina ya Wazungu hao huku haya hawajawahi kuyasikia.

Ukitoka hapo, simu itie mfukoni utembee kwa miguu. Utapita nyumba zenye baraza, wazee wa kanzu na kofia wakizungumza, adhana ikisikika mtaa wa pili. Ungedhani uko Bagamoyo, kumbe bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja. Misafara ya biashara ndiyo iliyozileta desturi za pwani huku, na misafara hiyo haikubeba pembe za ndovu peke yake. Watu walivushwa ziwa hili kutoka Kongo wakiwa watumwa, wakatembezwa hadi pwani. Ukipita mitaa ile, hilo nalo ulikumbuke. Baadaye Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, ikaishia Kigoma kwenye bandari, na biashara ikahamia huko. Ujiji ikabaki na mitaa yake.

Salimia kila baraza. Shikamoo kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa.

Halafu teremka ziwani. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote, na hapo usiangalie saa. Mafundi wanaunda maboti ya mbao, wanaziba maungio kwa kalafati maji yasipenye, na ukiuliza kwa adabu watakueleza kila ubao kazi yake. Dagaa wameanikwa, kina mama wanawageuza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Angalia mwezi kabla hujakata tiketi. Uliza pia kama ziwa liko wazi, maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Mchana tutakula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa hili, waliopikwa kwa mawese. Kuku na chipsi unavyo huko Dar.

Basi nimepanga hivi: siku ya kwanza Ujiji kutwa nzima, ya pili tunapanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Siku zikikubana, futa ile jioni ya ufukweni. Ziwa utakuwa umeshaliona Ujiji, pamoja na watu wake.

Ni mimi, dada yako