Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliniagiza nije na jibu la swali moja: tupokezane kazi zetu za 3D, yaani maumbo tunayochora kwenye kompyuta, kwa faili la aina gani? Nilidhani ni suala la miezi miwili. Limekula mwaka mzima. Mambo mengine ya chama yamekwenda salama na hesabu atazisoma mhazini, kwa hiyo nitazungumzia hili tu.

Nianze na aibu yangu, maana ndiyo iliyotufumbua macho. Nilimtumia mwenzetu mmoja kifuniko cha duara chenye kipenyo cha inchi 2, katika faili la STL, anichapishie kwa printa ya 3D. Kilichotoka kilikuwa na milimita 2. Alinipigia kuuliza kama nahitaji kifuniko au punje ya mtama. Hakuna aliyebonyeza vibaya. STL, iliyoletwa na kampuni ya 3D Systems mwaka 1987, haina mahali pa kuandika kipimo. Faili linasema 2, basi. Inchi au milimita utajua mwenyewe. Mwenzetu alizidisha kwa 25.4, tukacheka, kazi ikaisha.

Baada ya hapo kamati iliamua kuyafungua mafaili na kuangalia yanabeba nini hasa. Tulichukua mchemraba wa kawaida. Katika OBJ, umbizo (aina ya faili) lililotoka kampuni ya Wavefront Technologies miaka ya 1980, unapata mistari 8 inayoanza na herufi v, kila mmoja na namba tatu za mahali kipeo, yaani ncha ya pembe, kilipo, kisha mistari 6 ya herufi f, kama “f 1 2 3 4”, inayosema vipeo vipi vinafanya uso mmoja. Mtu yeyote anaweza kuisoma kwa macho. (Hesabu ya vipeo huanzia 1, si 0. Kuna mwana-kamati alipoteza jioni nzima kwa kusahau hilo, na ameniomba nisimtaje.) Katika STL, mchemraba uleule ni pembetatu 12, kila moja imebeba vipeo vyake peke yake: baiti 50 kwa pembetatu, na 84 za utangulizi, jumla 684. Pembe 8 zimeandikwa mara 36, na hakuna pembetatu inayomjua jirani yake. Ndiyo maana programu inalazimika kukisia zipi zinagusana, na ikikisia vibaya unapata nyufa.

OBJ nayo ina yake. Rangi hukaa katika faili la pembeni, MTL. Ukilisahau, kazi yako inafika ya kijivu. Mifupa ya kukunjia umbo, na uhuishaji, yaani mwendo wake, haibebi. Tena haisemi juu ni wapi: programu moja huhesabu mhimili wa Y kuwa ndiyo juu, nyingine Z, na kiti ulichokisimamisha kinafika kwa mwenzako kimelala chali.

Wapo waliopigania umbizo la FBX, na ninawaelewa. Inabeba mifupa, miondoko, kila kitu, na watengeneza michezo wameizoea. Lakini ilianzia kampuni ya Kaydara, tangu 2006 iko mikononi mwa kampuni ya Autodesk, na maelezo yake kamili hayajawekwa wazi. Sikuona vyema kazi za chama zikae ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake ni wa mtu mwingine. COLLADA ni wazi na kwenye karatasi ilistahili kushinda, ila programu mbili huiandika kwa namna mbili, na tulipoijaribu tulipata vurugu tupu. X3D, mtoto wa VRML, inaheshimika; wanaoitumia miongoni mwetu ni wachache mno.

Kamati imechagua glTF 2.0. Kundi la Khronos liliitoa mwaka 2017, na mwaka 2022 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 12113. Kilichonishawishi mimi si cheo hicho, bali kwamba imekata yale mabishano mawili: kipimo ni mita, juu ni Y. Uso wa kitu unaelezwa kwa rangi, kiasi cha umetali na kiasi cha ukwaruzo, kwa hiyo shaba haifiki ikiwa plastiki. Ukitumia GLB, yaani glTF iliyofungwa pamoja, umbo, picha na uhuishaji vinakaa ndani ya faili moja. Hakuna cha kusahau nyuma.

Kasoro yake nisiifiche. Ni umbizo la kupelekea kazi, si la kuendelea kuifinyanga: nyuso za pembe nne huvunjwa kuwa pembetatu. Kwa hiyo ghala letu litapokea GLB pamoja na faili la asili la programu uliyotumia. Kazi za kuchapishwa zije kwa 3MF, ambayo huandika kipimo chake na ikinyamaza huhesabiwa milimita. USD, ambayo Pixar waliifungua kwa umma mwaka 2016, ni mali safi kwa mandhari kubwa yenye tabaka nyingi za wasanii; kwa kupokezana kiti kimoja tumeona ni mzigo. Katibu hakubaliani nami, na kumbukumbu zinaonyesha hivyo.

Limebaki ghala la zamani, lililojaa OBJ na STL zisizo na kipimo. Kuzigeuza si kazi. Kazi ni kujua mwenyewe alikusudia mita, inchi au nini. Orodha iko kwa katibu. Kila aliyewahi kuleta kazi apite aandike kipimo chake mbele ya jina la faili kabla kamati mpya haijaanza kugeuza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti