Wanaoalika wanablogu wahesabu nauli kabla ya wafuasi

Mhariri,

Mabango ya kuwaalika wanablogu na watu wa X, TikTok na Facebook wakutane ana kwa ana hayakosekani hapa Nairobi. Wanaosema watakuja huwa wengi. Wanaofika huwa wachache, na baadhi yao hukaa wakipekua simu hadi chai inapoa. Mwenye kualika naye huishia kulalamika kwamba watu wa mitandaoni wana maringo. Si kweli. Mara nyingi kilichoharibu ni mahali, saa na jinsi viti vilivyopangwa.

Wapangaji wengi hupenda mikahawa ya Westlands na Kilimani kwa sababu picha hutoka vizuri. Lakini anayetoka Rongai hushukia Railways, wa Thika Road hushukia Ngara au Koja, na wa Kayole hushukia upande wa chini wa mji. Kufika Westlands, wote hao watapanda gari la pili. Hizo ni nauli nne kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha jioni makanga hupandisha bei papo hapo. Mkutano wa kwanza uwe katikati ya jiji, mahali ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka steji yake.

Tena isisemwe tu "tukutane Archives", yaani jengo la Nyaraka za Taifa. Pale ndipo kila mtu hukutana na wenzake, na anayezungukazunguka na simu mkononi akitafuta sura asiyoijua ndiye windo la wezi. Tajeni sanamu ya Tom Mboya iliyo karibu hapo na saa kamili, na mtu mmoja aliyevaa kofia ya rangi iliyotangazwa awaongoze wageni hadi mkahawani. Bustani ya Jeevanjee ni ya bure, ila saa za chakula cha mchana wahubiri wenye vipaza sauti huifanya isifae kwa mazungumzo. Msitu wa Karura unafaa sana, kwa kuwa watu wanaotembea bega kwa bega huongea bila kuoneana haya. Watu waambiwe mapema tu kwamba kuna kiingilio na hulipwa kwa simu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, tafuteni paa.

Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja ndio wakati bora, wikendi ya kwanza baada ya mishahara. Wasabato watakosa, hivyo mkutano unaofuata uwe Jumapili alasiri. Jua letu huzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na anayeishi mbali huanza kuitazama saa mapema kuliko mnavyodhani. Yale mazungumzo muhimu yasiachwe hadi mwisho.

Kuhusu idadi, kubofya alama ya moyo si ahadi. Mlipishe kila mtu Sh200 za M-Pesa mapema, pesa ambazo atazinywea chai siku hiyo. Ziingie kwenye till (namba ya malipo ya M-Pesa) ya mkahawa wenyewe, zisitumwe kwa namba ya mpangaji, kwa maana hapo ndipo urafiki mwingi wa mitandaoni umeishia kwa matusi. Kama hamtozi chochote, andaeni viti nusu ya walioahidi, na vingine vichache viwekwe pembeni. Mkahawa nao uulizwe: je, kila anayeketi lazima aagize, na angalau shilingi ngapi? Jibu litangazwe wazi. La sivyo mwanafunzi wa chuo atakaa na chupa ya maji akijifanya ameshiba, na hatarudi tena.

Sasa viti, ambavyo hupuuzwa kuliko yote. Vikipangwa mistari kama kanisani, wenye wafuasi wengi watakaa mbele na wengine watageuka hadhira. Tumieni meza za watu sita. Wakizidi wanane, meza hugawanyika na mmoja wa katikati hubaki bila wa kuongea naye. Kila meza iwe na mwenyeji mmoja asiye maarufu, ambaye kazi yake ni kumuuliza anayenyamaza. Baada ya nusu saa, watatu wahame meza na watatu wabaki. Wakihama wote, mazungumzo huanza upya kila mara na watu huchoka kujitambulisha. Maikrofoni haihitajiki kwa watu 30, na kuikodi ni kumwalika mtu atoe hotuba.

Kila mtu abandike kifuani karatasi yenye jina lake la mtandaoni kwa herufi kubwa, iliyoandikwa kwa maka peni. Jina la kitambulisho aliandike akipenda. Kadi za kuning'iniza shingoni huzama chini ya meza mtu akiketi, na ambaye picha yake mtandaoni ni ua la waridi hatatambulika kwa sura. Wapo pia wanaoandika kwa majina ya siri kwa sababu ya kazi zao. Hao wabandike karatasi nyekundu, na mpiga picha asiwapige. Anayerusha video moja kwa moja apewe kona yake, mgongo wake ukielekea ukutani ili kamera isiwanase wengine waliomo ndani.

Mkianza kupata wafadhili, jihadharini na kampuni inayolipia chakula kisha inadai hashitegi yake ivume siku nzima. Huo ni utangazaji, na wahudhuriaji wanastahili malipo, si samosa mbili.

Kuna usalama pia. Kinywaji ulichokiacha mezani ukaenda msalani usikirudie. Habari za kuwekewa "mchele", yaani dawa ya kumlewesha mtu ili aibiwe, si hadithi. Mkutano wa kwanza usifanyiwe kwenye nyumba ya kukodi kwa siku. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za aina hiyo hapa Nairobi.

Orodha ya namba za simu nayo isigeuzwe kundi la WhatsApp bila wenyewe kuulizwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aelezwe data yake inachukuliwa kwa kazi gani, na anayeingizwa kwenye kundi namba yake huonwa na kila aliyemo. Tumeni kiungo, anayetaka ajiunge. Anayetaka namba ya mwenzake amwombe palepale mezani.

Mpangaji wa mikutano,
Nairobi