Ami, ile ploti ya Sabaki tuiache

Karlsruhe, Ujerumani

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo, wewe, Bi Mkubwa na watoto. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haijui mgeni.

Picha za ploti nimezipata. Mchanga mweupe tambarare, mikoko kwa mbali, na dalali amesimama kando ya bikoni kama aliyeumba ardhi mwenyewe. Bei inatia tamaa, sikatai. Lakini pale ni mdomoni mwa mto Sabaki, unapoingia baharini, Ami, na naona tunauziwa mbuzi kwenye gunia.

Maji yanayopita chini ya daraja la Sabaki yametoka bara huko Ngong, yakiitwa Athi. Hupita Ol Donyo Sabuk, yakafuata ubavu wa Yatta, ile safu ya mawe ya volkano ya karibu kilomita 300. Yatta ina ajabu yake: lava ilimiminika ndani ya bonde la mto wa kale ikaganda, kisha mvua na mito ikala ardhi laini ya pembeni, hata kilichokuwa sakafu ya bonde leo kiko juu. Mbele huko mto Tsavo unaingia, jina linakuwa Galana, na karibu na bahari Sabaki. Pale kwenye maporomoko ya Lugard mwamba mgumu umechongwa mifereji na mashimo. Maji matupu hayawezi kazi hiyo. Kinachosaga jiwe ni mchanga na kokoto zinazoviringishwa ndani yake.

Udongo mwekundu wa Ukambani nao huoshwa na mvua ukaingia mle mle. Mteremko ukiisha, mto hupunguza mwendo na kuanza kutua mzigo: kokoto kwanza, kisha mchanga. Tope laini hufika hadi baharini, na likikutana na maji ya chumvi chembe zake hushikana na kuzama. Ndipo mikoko inapopata pa kuota. Wakati wa kaskazi tope huletwa kusini, hapo mbele ya mji wa Malindi, bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa na watalii wakanuna. Kusi ikivuma husukumwa upande wa Mambrui. Ufuo wa Malindi umepanuka kwa mchanga huohuo.

Kwa hiyo dalali hakudanganya aliposema ardhi ile ni mpya. Hakumalizia tu kwamba aliyeileta anaweza kuichukua. Kwenye kona ya mto, maji ya upande wa nje huenda mbio yakala ukingo, ya ndani hupunguza mwendo yakaacha mchanga. Mwenye shamba huku anaongezewa, wa ng'ambo anapunguziwa. Mdomoni ni zaidi, maana mafuriko yanasukuma kutoka bara na mawimbi yanajibu kutoka baharini, na fungu la mchanga lililo katikati halina makao. Hati ya ardhi itasema ekari ngapi, mto hausomi hati.

Huku Wajerumani walijaribu kuushika mto kwa nguvu. Rhine ulikuwa ukizungukazunguka hapa karibu, ukihama na kuzamisha vijiji. Mhandisi Tulla akaanza kuunyoosha mwaka 1817, akafa 1828, kazi ikakamilika 1876. Kati ya Basel na Worms mto ukafupishwa kilomita 81. Kimo cha kushuka kikabaki kile kile ila njia ikawa fupi, basi mteremko ukawa mkali, maji yakaongeza mbio, yakachimba sakafu yake, na maji ya ardhini yakashuka pia. Kona za zamani bado zipo. Jumapili huwa naenda kutembea huko: maji yamesimama, matete yamejaa, bata wanaogelea. Serikali yenye mabilioni imehangaika na mto miaka yote hiyo, sisi na mifuko yetu ya saruji tutauweza?

Najua utasema watu wanajenga pale na hawajafa. Kweli, Ami, lakini muulize dalali picha za pale baada ya masika makubwa. Wazee wa kijiji cha Sabaki nao waulize, bila yeye kuwepo, mto ulikuwa ukitokea wapi walipokuwa wadogo.

Ile ya Ganda uliyosema ni mbali na bahari, bado ipo? Mwambie mwenyewe tunaitaka, umshushe bei kidogo. Pesa nitatuma mwisho wa mwezi. Ya arubuni usitoe popote mpaka tuzungumze kwa simu.

Nisalimie Bi Mkubwa sana.

Mwanao