Malipo ya mwisho yasubiri masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wakulima wa mabondeni huku Pemba tumekuwa tukilisema barazani na kwenye mikutano ya shehia bila ya kufika mbali. Jambo lenyewe ni hali ya vijito vyetu baada ya kukatwa ili mabomba ya maji yapite. Sina ugomvi na mabomba. Hakuna mtu wa kisiwa hiki aliyelelewa kwa maji ya ndoo atakayesimama kupinga mfereji kufika uani kwake, na kila mradi unaochimba kisima kirefu, ukajenga tangi juu ya kilima na ukasambaza maji vijijini ni wa kupokewa kwa mikono miwili. Ninachodai ni kimoja: pale bomba linapovuka kijito, mkandarasi asimaliziwe fedha zake mpaka masika moja ipite juu ya kazi yake, na kijito kikaguliwe kikiwa kimejaa na kikiwa kimepungua.

Mtu asiyeijua Pemba anaweza kudhani kuwa nakuza jambo dogo. Unguja, hasa kusini na mashariki, ardhi ya mawe huinywa mvua na kuipeleka chini, na mtu anaweza kwenda masafa marefu asivuke maji yanayotembea. Pemba ni kilima na bonde, kilima na bonde, kutoka Mkoani mpaka Konde, na mabonde mengi yana maji yake, mengine ya mwaka mzima na mengine ya msimu, yanayoteremka kwenda kwenye hori za mikoko. Watu hukaa juu migongoni na mpunga hulimwa chini. Bomba linalotoka kisimani kwenda kwenye tangi, na kutoka hapo kwenda vijiji viwili vitatu, haliwezi kuyakwepa mabonde hayo, na kila linapovuka hupita katikati ya shamba la mtu na katikati ya maji ambayo walio chini yake wanayategemea.

Kazi ya kuvusha bomba kwa kawaida huenda hivi. Kijito huzibwa kwa viroba vya mchanga, maji huelekezwa pembeni au huvutwa kwa pampu, handaki huchimbwa kwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia udongo, kukata kitako cha kijito na kingo zake mbili, bomba hulazwa, udongo hurudishwa, viroba huondolewa na maji huachiwa yapite. Bomba hujaribiwa kwa shinikizo, na lisipovuja, karatasi hutiwa saini. Kijito hakijaribiwi na mtu yeyote. Kinachokijaribu ni mvua, na mvua huja mashine zikiwa zimeshaondoka.

Udongo wa bondeni una mpangilio wake. Juu huwa pana mchanga ulioletwa na maji, na chini yake pana kinamo kizito kinachoyazuia maji yasizame, na bila ya kinamo hicho hapana mpunga. Kijiko huvichota vyote viwili pamoja na kuvirundika pamoja, kisha hurudishwa shimoni vikiwa vimechanganyika. Tena udongo uliochimbwa huvimba, na bomba nalo limeshachukua nafasi yake humo ndani, kwa hivyo lazima ubaki wa ziada. Ziada hiyo ingepaswa kuchukuliwa na kwenda kumwagwa mbali na maji. Badala yake, mara nyingi husawazishwa kijuujuu pale pale, na juu ya bomba hubaki tuta lililolala kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Tuta la namna hiyo, hata likiwa la kimo cha goti, huwa bwawa. Katika bonde letu, mkandarasi aliyepita aliacha moja juu kidogo ya mahali ambapo majaruba ya chini huchukulia maji. Masika ilipokuja, maji yalirudi nyuma, yakatafuta pa kutokea, yakalizunguka tuta na kujichimbia njia mpya ndani ya majaruba ya jirani zangu wawili, wakati miche ilikuwa ndiyo kwanza inashika. Walipolalamika waliambiwa kuwa ni mvua. Ni kweli kwamba ilikuwa mvua, lakini mvua kama ile tumeiona miaka yote na kijito hakikuwahi kuhama.

Na balaa la tuta haliishii kwa mkulima. Maji yanayolipanda huanguka upande wa chini kwa nguvu na kuchimba shimo, na shimo hilo husogea kidogo kidogo kurudi juu kila mvua inaponyesha, mpaka linafika kwenye bomba lenyewe. Bomba lililozikwa vizuri hubaki linaning'inia hewani likingojea gogo la kwanza linaloteremka na mafuriko. Likivunjika, ni kijiji kizima kinachorudi kwenye ndoo, na fedha za kulitengeneza zinatoka kwetu sote. Ndiyo maana nashangaa tunaposikia kuwa kushughulikia vijito ni mambo ya watu wa mazingira yanayochelewesha maji kuwafikia wananchi.

Lipo na kosa jengine lisiloonekana kwa macho. Handaki lililofukiwa bila ya kushindiliwa huwa legevu kuliko ardhi iliyo pembeni yake. Maji ya mvua yanayoingia juu mlimani huufuata ubavu wa bomba chini kwa chini kama yanayopita kwenye karavati, na yanapofika ukingoni mwa kijito huutoboa kwa ndani hadi ukaporomoka. Bondeni nako, pale kinamo kilipokatwa na kurudishwa mchanga, maji ya jaruba huzama usiku kucha na mwenyewe asubuhi hajui yamekwenda wapi. Dawa yake ni ya kale na haina gharama kubwa: kwenye kila ukingo, na katika mteremko unaoelekea huko, handaki lizibwe kwa kizuizi cha kinamo kilichoshindiliwa kulizunguka bomba, ili maji yasipate njia ya kulifuata. Wahandisi wanaijua. Tatizo ni kwamba haionekani baada ya kufukiwa, na kazi isiyoonekana ndiyo ya kwanza kurukwa.

Kuna jambo la afya ambalo nalitia mkazo kwa sababu linagusa juhudi kubwa iliyokwishafanywa. Kisiwa hiki kimepambana na kichocho kwa miaka mingi. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Chake Chake mwaka 2000, imekuwa na sehemu kubwa katika mapambano hayo, na tangu mwaka 2011 Zanzibar ilijiwekea lengo la kuukata kabisa uambukizaji wa kichocho cha mkojo, kwa kuwapa dawa watu wa skuli na wa majumbani, kuwapiga dawa konokono na kuwaelimisha watoto. Watoto wanaokojoa damu wamepungua sana, na sisi wenye umri mkubwa tunaikumbuka hali iliyokuwepo. Sasa, konokono anayebeba vimelea vya kichocho hapendi maji yanayokimbia. Anapenda maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani ya kushikia, na dimbwi linalobaki nyuma ya tuta la bomba humfaa kabisa. Humfaa na mtoto wa kiume anayetafuta pa kuogelea, na mama anayetafuta pa kufulia. Dawa inayotolewa huwaua minyoo waliomo mwilini lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini. Haileti maana tumeze vidonge kwa mkono mmoja na tutengeneze madimbwi kwa mkono wa pili.

Kuhusu bahari nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wavuvi wanaweza kuisemea vizuri zaidi. Tope linalotoka kwenye kingo zilizoachwa wazi haliishii bondeni. Kwa vijito vya upande wa magharibi, huteremka hadi kwenye mikoko na majani ya bahari ndani ya eneo la hifadhi ya mkondo wa Pemba, lililotangazwa mwaka 2005, na kule samaki wadogo wanakulia.

Kijito kinaweza kuvukwa kikarudi kama kilivyokuwa. Kwanza, kabla ya kijiko kufika, kipimwe kimo cha kitako cha kijito juu na chini ya pale panapokatwa, zipigwe picha, na vipimo hivyo viachwe kwa sheha. Bila ya hivyo hakuna mtu atakayeweza kusema baadaye kama kijito kimerudishwa au hakikurudishwa, na mabishano yatakuwa ya maneno matupu. Kazi ya kukata ifanywe Januari au Februari, maji yakiwa madogo, na ikishaanzwa imalizwe haraka. Kukata kijito mwezi wa Machi, na mawingu yanaonekana, ni kumtafuta mtu wa kumlaumu. Udongo wa juu uwekwe mbali na wa chini na kila mmoja urudi mahali pake. Bomba lizikwe chini kuliko pale mafuriko yanapoweza kuchimba, si chini ya kitako kinavyoonekana siku ya jua. Udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na kitako kirudi kwenye kimo kile kile kilichopimwa. Kisizidi na kisipungue, kwani shimo nalo lina madhara yake.

Kingo zilazwe mteremko wa wastani na zivikwe. Hapa nasema wazi kwamba tumezoea kuamini kuwa kazi isiyo na saruji haijamalizika. Ukuta wa saruji, au masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, yana mahali pake karibu na daraja au pale maji yanapokuja kwa kishindo. Lakini ukiuziba ukingo mmoja kwa saruji, maji hugeuka na kwenda kuula ukingo wa jirani ulio chini yake. Kwa vijito vidogo kama vyetu ukingo hushikwa na mizizi. Wavu wa kamba za usumba, unaosokotwa na kinamama wetu wenyewe, ukitandikwa juu ya udongo mbichi huuzuia usichukuliwe na mvua, na ukija kuoza baada ya miaka michache majani yameshashika. Mkindu unapenda ardhi ya majimaji, na ukindu wake ndio unaosukiwa mikeka yetu; matete nayo hujiotea yakiachwa. Pahala ambapo barabara imeshapita na daraja lipo, bomba lifungwe ubavuni mwa daraja ndani ya kasha la chuma, na kijito kisiguswe kabisa.

Najua nitajibiwa kuwa yote haya yanaongeza gharama. Yanaongeza, na ndiyo sababu nataka yaandikwe katika mkataba na kutiwa bei. Mkandarasi hulipwa kwa kila mita ya handaki na kila mita ya bomba. Ikiwa kurudisha kijito hakuna mstari wake katika jedwali la kazi na bei, kila saa anayotumia pale ni hasara kwake, na sioni ajabu akiondoka mapema. Kila sehemu ya kuvuka ihesabiwe kama kazi ya peke yake, yenye mchoro wake na bei yake. Kuhusu kuzuia malipo, si jambo geni: mikataba ya ujenzi kwa kawaida huzuia asilimia 5 hadi 10 ya fedha, na sehemu yake hubakizwa hadi muda wa kuangalia kasoro umalizike. Kasoro ni kwamba muda huo huhesabiwa kwa kalenda. Kazi ikiwekewa miezi sita na kukabidhiwa Juni, muda unakwisha Disemba, na vijito havijaonja masika hata siku moja. Hata ukiwa mwaka mzima, anayekuja kukagua huangalia mita, koki na tangi, kisha huondoka. Kwa sehemu za vijito, muda uhesabiwe kwa masika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya mwaka 2015 imekwishaiweka Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, na imekwishataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira. Sidhani kwamba tunahitaji sheria nyengine. Tunahitaji masharti yanayotokana na tathmini hiyo, ambayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kukaa ofisini, yafupishwe kwa Kiswahili ukurasa mmoja au miwili na kukabidhiwa sheha, bwana shamba na wakulima wa bonde linalohusika kabla ya kazi kuanza. Na siku ya ukaguzi wa mwisho, wakulima wawili wa bonde hilo wawepo na maoni yao yaandikwe katika ripoti. Mtu anayelima pembeni mwa kijito anajua maji yake yalikuwa yakifika wapi.

Kwa upande wetu, tuta bado lipo. Kulishusha hakuhitaji mashine kubwa: ni kazi ya majembe, fundi mmoja wa kupima kimo, na mtu wa mradi anayejua bomba limelala kina gani ili tusije tukalitoboa sisi wenyewe. Nguvu tunazo, na miche ya mkindu ya kupanda kingoni tutaitoa. Tunachoomba ni huyo mtu mmoja aje kabla ya Machi, tusije tukapanda mpunga mwengine mbele ya maji yasiyo na njia.

Wako,
Mkulima wa mpunga,
Wilaya ya Wete, Pemba.