Tushuke Tuyatazame Madaraja Yenye Paa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji watakaosafiri kwa gari katika vijiji vya Vermont, Marekani, wasiyapite tu madaraja ya mbao yenye paa, bali washuke wayatazame kwa ndani. Wengi hudhani paa liliwekwa kumkinga msafiri na mvua, ilhali kazi yake kubwa ni kuzihifadhi mbao zinazobeba uzito wa daraja, ambazo zikilowa mara kwa mara huoza mapema. Ndiyo maana daraja la Cornish–Windsor, lililojengwa mwaka 1866 kuvuka mto Connecticut, bado linapitisha magari. Kuta zake ni mbao zilizopishana mshazari kama ukili wa jamvi, mtindo ambao msanifu majengo Mmarekani Ithiel Town aliupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1820, na kwa maoni yangu ni ufundi wa kustahiwa sana.

Daraja jingine la Vermont, la Bartonsville, lilisombwa na mafuriko ya mwaka 2011, likajengwa upya. Mafuriko hatuyawezi, lakini kibao cha kimo na uzito wa gari unaoruhusiwa darajani kila dereva anaweza kukisoma. Mwenye gari linalozidi kimo hicho atafute njia nyingine. Mwenye gari dogo aegeshe mbali na mlango wa daraja, kwa kuwa madaraja mengi hayo hupitisha gari moja tu kwa wakati.

Msomaji wenu